Barafu ya Mgebuka

Saa nane mchana nashuka mwalo wa Kibirizi,
si kununua samaki.
Namtafuta Mama Ndayanse wa masanduku ya barafu,
anipimie vipande viwili vya mia tano
vilivyolala usiku kucha na mgebuka.
Siku hizi haulizi. Mwanzoni aliuliza,
"Wewe, unauza juisi?"
Nikamwambia ni ya shingoni.
Akacheka hadi akashikilia ndoo.

Navifunga kwenye kitenge, kitenge nakivika kisogoni,
maji yananitiririka mgongoni mpaka kiunoni,
na timu nzima ya Bandari inasema nanuka soko.
Sawa. Ninuke.
Mechi ni saa kumi, na jua la Septemba huku
halina mzaha na mtu aliyechubuka neva.

Daktari wa Mwanza alinichorea kwenye karatasi
waya wa umeme, ganda lake limeguguna panya,
moto unavujia njiani kabla ya kufika kwenye taa.
Kisha akalitaja jina lenyewe, la Kizungu,
refu kama treni ya mizigo:
mabehewa yanapita, yanapita,
nami nimesimama kando ya tuta
nikingoja kuvuka.

Nyumbani nikasema "uchovu"
kwa kuwa sikuwa na neno jingine.
Shangazi akasikia mimba.
Jirani akasikia jicho la mtu.
Kaka yangu Gwimo, aliyetoka kupakia saruji,
akasema, "Na sisi je?"

Kaka, uchovu wako una wazazi.
Umebeba, umechoka, umelala, umeamka.
Wangu hauna baba wala mama.
Unanikuta nachana nywele,
mkono unabaki hewani na kitana
kama wa mwanafunzi aliyeomba ruhusa
akasahauliwa.

Simu yangu ina namba ya kuulizia salio.
Mwili huu hauna.
Unapiga tu, na katikati ya ne

Miaka sita nilikuwa senta.
Senta haingii kwenye duara la goli
lakini kwingine kote ni kwake,
na mimi nilikimbia kote kama mwenye hati ya kiwanja.
Mwaka huu nilimfuata Mwalimu Ntakije kabla hajaniita:
nipe robo ya kwanza na ya mwisho,
za katikati mpe Denisia.
Sentensi hiyo ilinichukua wiki tatu.
Akaitazama filimbi yake kwa muda mrefu.
"Na ya mwisho ikikushinda?"
"Nitanyoosha mkono."
Mkono, nilisema,
kana kwamba nao ni wangu siku zote.

Kwenye benchi nimejifunza uchoyo.
Sisimami. Sishangilii.
Mtu akinipungia, namjibu kwa nyusi.
Kucheka kuna bei, hasira ina bei mara tatu.
Wanaosema naringa, waacheni niringe,
hicho ndicho kitu pekee ninachopata bure.

Jumamosi tulicheza na Kasulu.
Robo ya nne, dakika ya kumi au ya kumi na moja,
mpira mmoja ukawa miwili machoni,
nikaurukia wa kushoto.
Ndio uliokuwa wa kweli.
Pasi kwa Denisia, Denisia ndani, goli,
na bado tukafungwa, kwa mawili.

Kigoma mwisho wa reli, watu husema.
Basi nilikuwa nimekaa hapo, mgongo ukutani,
behewa limefika, hakuna wa kushusha mzigo.
Barafu imeisha,
kitenge kimebakiwa na magamba matatu ya samaki,
vidole havitaki kusikia habari za kamba za viatu.

Denisia akaja. Hakusema pole.
Akapiga magoti kwenye vumbi jekundu,
akafungua cha kulia, akafungua cha kushoto,
akavigonga pamoja mchanga ukamwagika,
akauliza,
"Jumatano mazoezini, unataka robo zipi?"